Mguu Usiouma

Siku ya kwanza ya muhula, masomo yalipoisha, wakimbiaji wa shule walikimbilia uwanjani. Mshale alifika wa mwisho. Wenzake wa darasa la sita walimpa jina hilo kwa sababu mwaka uliopita hakuna msichana aliyemfikia katika mita mia nane. Lakini likizo nzima, wiki tano, hakukimbia hata siku moja. Kila asubuhi alijiambia, "Kesho," akavuta shuka.

"Mizunguko miwili, taratibu tu," alisema mwalimu wa michezo.

Hata mzunguko wa kwanza haujaisha, Mshale alikuwa anahema kama pampu ya baiskeli. Wasichana wa darasa la tano wakampita mmoja mmoja. Wa mwisho hata alimwambia, "Samahani, dada." Hilo ndilo lililomchoma. Kabla hajajua anafanya nini, alijiangusha kwenye nyasi na kushika kifundo cha mguu.

"Mguu wangu! Umeteguka!"

Rafiki yake Chiriku, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haupumziki, akaja mbio kutoka nyuma. "Pole jamani! Usikanyage! Niegemee mimi!"

Kwa siku nne Chiriku alimbebea mkoba. Mwalimu alimpa kiti kivulini. Mwanzoni Mshale aliona ameponea chupuchupu. Lakini Chiriku alikuwa mdogo wa umbo, na ile mikoba miwili ilimwinamisha. Kila alipouliza, "Shoga, leo unajisikiaje?" Mshale alitamani ardhi ipasuke.

Mama yake, fundi cherehani, alikuwa akimkanda kwa maji ya moto kila jioni na kumfunga bendeji. Asubuhi ya siku ya tano alifunika cherehani yake.

"Leo twende zahanati."

"Lakini mama, una kazi. Watu wanasubiri sare zao."

"Waache wasubiri. Sare nitashona nyingine, mguu wako siwezi kuushona."

Benchi la zahanati lilikuwa limejaa. Mama alikuja na mashati mawili, akawa anashona vifungo kwa mkono huku wakisubiri. Mshale alitazama sindano ikipanda na kushuka. Mara tatu alifungua mdomo aseme, mara tatu akaufunga.

Daktari, mwanamke mtu mzima mwenye miwani, alifungua bendeji na kuminya kifundo.

"Hapa?"

"Panauma."

"Na hapa?"

"Sana."

"Haya, shuka. Tembea mpaka dirishani."

Mshale alishuka, akachechemea mpaka dirishani na kurudi. Daktari akaweka kalamu chini. "Binti, mguu unaouma ni upi?"

Mshale akatazama miguu yake. Bendeji ilikuwa imetolewa kwenye mguu wa kushoto. Yeye alikuwa amechechemea kwa mguu wa kulia.

"Hauumi," alisema kwa sauti ndogo. "Haujawahi kuuma, mama. Niliona aibu kupitwa." Machozi yakamtoka.

Mama alikunja lile shati polepole.

"Mimi nimeacha kazi, sawa," alisema. "Lakini pale nje kuna watu wanaumwa kweli, na wewe umeingia mbele yao. Na yule mtoto anayekubebea mkoba?"

"Nitamwambia yeye kwanza," alijibu Mshale, akijifuta uso.

Alipofika shuleni, alimkuta Chiriku mlangoni mwa darasa, akamweleza yote. Chiriku aliutazama ule mguu. Kisha akasema, "Umenifanya punda siku nne!" Akakuna kichwa. "Ila na mimi nililala likizo nzima. Siku ile nilikuwa nyuma yako. Ulipoanguka nikafurahi, nikapata sababu ya kusimama."

Wote wawili walikwenda kwa mwalimu, vichwa chini. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Kila baada ya likizo napokea wakimbiaji waliolala," alisema. "Kuwaamsha ndiyo kazi yangu. Mtakimbia dakika moja na kutembea mbili, kila siku. Siku mkiwa hamjisikii, njooni hivyo hivyo. Hamu itawakuta uwanjani."

Walianza hivyo, nyuma ya darasa la tano. Siku za kwanza Mshale alikimbia akitazama chini, asione nani anamtazama. Wiki ya pili dakika moja ikawa tatu. Wiki ya nne alimaliza mizunguko miwili bila kusimama. Alikuwa wa sita, akahema, akacheka.

Mwalimu alimsogelea. "Mwili uliopoa nitaupasha moto. Lakini mtu akinificha hali yake, sina pa kuanzia. Kuchoka hakuna aibu. Aibu ni kuwasumbua wanaokupenda kwa uongo. Sasa niambie kweli, ukoje?"

"Nimechoka, mwalimu. Nimechoka sana."

"Vizuri," alisema mwalimu. "Tembea dakika mbili, halafu tuendelee."