Ufadhili Si Sadaka

Babu Seremala alikuwa mwana wa seremala na mjukuu wa seremala. Nusu ya milango ya mji ule ilitoka mikononi mwao. Wazee hao waliheshimika kwa mambo mawili: hawakutia msumari uliopinda, wala hawakugonga mlango wa mtu kuomba kitu.

Mjukuu wake alikulia katika karakana hiyo. Watu walimwita Penseli, kwa sababu penseli ya kupimia mbao haikutoka sikioni mwake. Mwaka ule alichaguliwa kusomea ujenzi chuoni. Furaha ilijaa nyumbani. Lakini ada ilizidi kipato cha karakana, na asiyelipa hupoteza nafasi.

Penseli akapata fomu ya kuomba ufadhili. Babu akavaa miwani, akamsimamia.

"Wanauliza hali ya familia, babu."

"Andika: familia yetu ni ya heshima, haijapungukiwa na kitu."

"Lakini tumepungukiwa ada!"

"Hayo ni ya ndani. Endelea."

"Wanauliza nimefanya nini cha kujivunia."

"Andika: hayo watasema wengine. Nyumba hii mtu hajisifu."

Penseli akaandika, shingo upande. Jibu halikukawia. Amekataliwa: ufadhili ule ulikuwa wa wenye uhitaji, nao wafadhili waliipongeza familia isiyopungukiwa na kitu.

Babu alilainisha mbao kwa randa siku nzima. Jioni jirani yao, muuguzi, alikuja kuchukua kabati lake.

"Shikamoo, babu. Mbona umenuna hivyo? Hata randa inalalamika."

"Marahaba. Wamemnyima mtoto ufadhili."

Muuguzi akasoma nakala ya fomu. Alijizuia kucheka, akashindwa.

"Babu, nilipoagiza kabati hili uliniuliza nini?"

"Vipimo."

"Ningekujibu kwamba chumba changu ni cha heshima?"

"Ningekufukuza!"

"Basi nao wamekufukuza. Wanaotoa ufadhili wanataka vipimo."

"Binti yangu, sisi si ombaomba."

"Wala mimi si ombaomba. Uuguzi nimesomeshwa kwa ufadhili. Sindano zote nilizokuchoma zimetokana nao."

"Ndiyo maana ziliuma," alisema babu, lakini uso ulianza kukunjuka.

"Zile ni fedha zilizotengwa kwa ajili ya wanafunzi, babu. Wao wanalipa ada, mtoto anasoma kwa bidii. Hapo sadaka iko wapi?" Akamgeukia Penseli. "Usitegemee pahali pamoja. Uliza shule uliyomaliza. Uliza ofisi ya chuo, vyama vya mafundi, kampuni, hata nyumba za ibada. Soma masharti kabla ya kushika kalamu. Jibu ulichoulizwa, uambatishe ushahidi. Mwombe mwalimu anayekufahamu akuandikie barua. Tuma mapema, ubaki na nakala."

"Kuna mtu kwenye simu anasema nilipe kwanza, ndipo anitafutie."

"Huyo achana naye! Ukiambiwa utoe pesa ili upewe ufadhili, usitoe. Kaulize chuoni."

Babu aliitazama ile fomu. Aliona haya. Haikuwa haya ya kuomba. Alikuwa amemwelekeza mtoto aandike lisilo kweli, na huo ndio msumari uliopinda.

"Penseli, lete karatasi," alisema. "Andika kwamba mbao zimepanda bei na wateja wamepungua."

"Na ya kujivunia, babu?"

"Sema madawati ya shule uliyachora na kuyaunda wewe, na hakuna lililolegea mguu."

"Kumbe uliyakagua?"

"Yote. Nilikwenda kuyatikisa, wewe hukuniona."

Penseli aliomba katika ofisi kadhaa. Nyingine zilimkatalia, naye hakukata tamaa. Hatimaye chama cha mafundi kikakubali kumlipia ada, na chuo kikampunguzia gharama ya malazi. Kilichobaki, karakana ilikimudu.

Siku ya safari, vijana wa mtaani walikuja karakanani kumuaga Penseli, aliyebeba sanduku la mbao aliloliunda babu. Alipokwisha kuondoka, babu aliinua rula yake, na wote wakasimama huku wakicheka.

"Ninyi mnaocheka, nisikilizeni. Kutafuta ufadhili si aibu. Aibu ni kuficha ukweli, na kukaa kitako mpaka tarehe ipite. Ulizeni, someni masharti, semeni kweli yenu yote. Anayeona haya na aje hapa, nimpigie randa mpaka imtoke. Haya! Nendeni mkaandike."