Chombo cha Tatu Katika Routeur

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida tu pale Butembo: maharagwe juu ya makala, nguo kwenye kamba, na mvua iliyokuwa inatishia tangu asubuhi bila kujiamua. Kahongya, mjane wa Kakule, alikuwa amepangusa saluni, chumba cha wageni, na kupanga viti kumi na viwili. Saa kumi mchana ndugu za mume wake wangekuja. Kama hangewaonyesha ile video, wangemtoa katika nyumba.

Video ilikuwepo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeishika kompyuta mbele ya kitanda ikirekodi, na Kakule akasema, kwa sauti ya mtu anayekwisha: "Nyumba ni ya Kahongya. Mutu asimutoshe." Ézéchias, kaka mkubwa wa marehemu, alipoambiwa kwamba mtu asimtoe mjane, alicheka. Huyo Ézéchias hupokea komunyo kwa ulimi, na wajane huwanyang'anya kwa mikono yote miwili.

"Shemeji," alisema, "maneno ya mufu nitayaamini nikiyasikia mu kinywa yake."

Basi video iko ndani ya diski, na diski imechomekwa nyuma ya routeur, kile kisanduku cha internet juu ya kabati. Kakule ndiye aliyepanga hivyo, ili kila telefone ya nyumba itazame kwaya na ndoa za famille bila kugombania kompyuta. Alipanga, akafa, hakumfundisha mtu. Wanaume wengi hufa hivyo, na funguo mfukoni.

Saa nane Kahongya alifungua kompyuta. Diski haikuonekana. Akampigia mdogo wake Ananie, fundi wa kompyuta kule Beni, katika commune ya Beu.

"Yaya," Ananie akamwita, kama mdogo amwitavyo dada yake mkubwa, "taa ya diski inawaka?"

"Inawaka. Inapepesa kama jicho yenye iliingia muchanga."

"Basi haijakufa. Zima routeur, hesabu mpaka makumi tatu, washa tena."

Alizima, akahesabu, akawasha. Hakuna kitu. Akabadilisha kebo. Hakuna kitu. Ndipo Ananie akamwelekeza afungue ukurasa wa routeur, pale panapoandikwa ni nani ameingia.

"Kupepesa vile, ni kusema kuko mutu anaitumia. Usiichomoe, hein! Ukiichomoa sasa itaharibika, na video itapotea. Nisomee bale baliingia."

Akasoma. Kompyuta. Telefone yake yeye. Na chombo cha tatu.

"Kinaitwa namna gani?"

"Telefone ya Kakule."

 Siku ya maziko Ananie ndiye aliyeshika kifuniko cha sanduku. Katika ukoo ule, mtu huzikwa na kitu ambacho mkono wake haukuachana nacho: babu yao na fimbo, bibi yao na kiko. Na mkono wa Kakule haukuachana na nini? Kahongya, kwa upendo au kwa upumbavu, alimwekea telefone juu ya kifua, chini ya kiganja. Hakuna aliyefikiri kuizima. Wiki saba zilikuwa zimepita tangu siku ile. Makaburi yako kilima cha pili, na internet ya routeur ile haifiki hata kwenye choo cha uani.

"Yaya," Ananie akanong'ona, "ifungie njia hiyo telefone. Bonyeza pale pembeni."

Akabonyeza. Simu ikakatika. Mlango wa chuma ukajifunga.

Hakukuwa na upepo. Alikwenda, akashika ufunguo. Ukazunguka, ukazunguka, kama kijiko ndani ya chai. Madirisha yote yana vyuma vya wezi. Kakule alivitia mwenyewe, vya unene wa kidole. Akaita majirani. Wakati ule ule mvua ikashuka juu ya mabati, ikaimeza sauti yake.

Aliporudi mezani, diski ilikuwa imefunguka yenyewe kwenye kompyuta.

Mafaili yote yalikuwepo. Na moja jipya, la tarehe ya siku ile. Video. Uzito wake ulikuwa unapanda. Aliigusa, ikafunguka.

Alijiona mgongo. Kitambaa chake cha kichwa. Kiti chake. Picha ilichukuliwa kutoka chini, kana kwamba aliyeichukua amelala chali na telefone iko juu ya kifua chake. Kati ya picha na mgongo wake palikuwa na hatua tano.

Hakugeuka.

Angeweza kuchomoa kebo. Jicho lile lingezimika, na nyumba ingekwenda nalo. Lakini matofali ya nyumba ile Kahongya aliyabeba kichwani, mimba tumboni. Akachomeka clé, kile kidude cha kubebea mafaili, akaanza kunakili video ya marehemu.

Asilimia kumi na mbili.

Hatua nne.

Asilimia arobaini. Harufu ya udongo uliolowa. Si udongo wa mvua. Wa chini.

Hatua mbili.

"Kakule," alinong'ona, "niachie."

Asilimia themanini. Katika picha kulibaki kitambaa peke yake, uzi kwa uzi. Alingoja kusikia pumzi shingoni. Hakuna pumzi. Hilo ndilo lililomwogopesha kuliko yote.

Mia.

Akachomoa kebo.

Mlango ukafunguka. Ézéchias alikuwa kizingitini, mwavuli mkononi, ndugu wengine nyuma yake.

"Shemeji, tunagonga tangu nusu saa. Ulilala?"

 Kahongya aliwakalisha, akafungua clé, akawasha video. Kakule akatokea, kitandani, na sweta yake ya kijani. "Nyumba ni ya Kahongya. Mutu asimutoshe."  Kahongya akanyoosha mkono kuizima, kwa maana alijua inaishia hapo.

Haikuisha. Kakule akageuza kichwa taratibu. Watu kumi na wawili walikuwa wamekaa, na alimtazama Kahongya tu.

"Na yeye asitoke."

Hakuna aliyeomba irudiwe. Waliandika PV, ile karatasi ya makubaliano, wakatia sahihi, Ézéchias wa kwanza. Chai ilibaki inatoa moshi kwenye vikombe.

Kesho yake Kahongya alifunga valizi aende Beni. Alifika kizingitini. Mguu ukainuka, ukarudi ndani. Alijaribu kinyumenyume. Alijaribu kwa magoti. Marie-Jeanne, jirani yake, alimvuta kwa mikono miwili, na akamwachia alipoona ngozi ya kifundo inataka kubaki nyuma. Tangu siku ile hupitishiwa chakula kati ya vyuma vya dirisha. Wengine wanasema amekuwa na kiburi kwa sababu ya nyumba kubwa. Watu, midomo haiwaumi.

Baada ya wiki moja Ananie alipanda kutoka Beni. Aliweka diski juu ya meza, akalegeza vis zake nne, zile skrubu, na turnevisi ndogo, akafungua kifuniko.

Hakukuwa na ile sahani ya kutunzia mafaili ndani, wala waya. Kulikuwa na udongo mwekundu, mbichi bado, umeshindiliwa vizuri, na katikati yake alama ya kidole gumba. Ananie akajaribu chake. Kilikuwa kikubwa.

"Leta chako, yaya."

Kikaingia sawasawa. Kikakawia kutoka.