Sukuma ya Bibi Ozella

Jumamosi ile soko la wakulima la mji wa Macon lilikuwa limefurika, na mikono miwili ilidaka fungu moja la sukuma kwa wakati mmoja. Mmoja ulikuwa wa Renita Gaddis, aliyevaa gauni la njano la kitani na hereni kubwa za mbao. Wa pili ulikuwa wa mwanamume mrefu, aproni ya mpishi begani, na tabasamu la mtu aliyezoea kusamehewa.

"Achia, kaka. Hii ni ya bibi yangu."

"Na mimi namchukulia bosi wangu."

"Bosi wako atakula karoti. Achia!"

Akacheka, akaachia. "Basi nitalipwa kwa sahani moja."

"Hata jina hujasema, tayari una njaa?"

"Cordell. Njaa nimezaliwa nayo, mrembo."

Jumapili Cordell alikaa mezani kwa Bibi Ozella, bibi yake Renita, akala sahani tatu. Kabla ya kufika ya pili alishamwita mwenyeji wake "Bibi". Alipotaja anakofanya kazi, mgahawa ulio ndani ya jumba la zamani la matajiri wa Kizungu kina Thornby, kikongwe aliweka kijiko chini.

"Nilipikia jumba lile miaka thelathini na moja. Wewe unaingilia mlango gani?"

"Wa mbele, Bibi."

"Haya. Kula."

Renita aliyajua yaliyofichwa nyuma ya neno lile "haya". Miaka thelathini na moja ya kupitia uani, kula kwa kusimama, na kusikia wageni wakimsifu Bi Thornby kwa chakula ambacho hata chumvi yake hakuijua. Hakuna aliyewahi kuomba radhi. Hakuna hata aliyeuliza jina la mpishi.

Mapenzi yakakolea. Simu hazikulala.

"Umekula, asali?"

"Nimekula vya watu. Vyako bado."

"Njoo basi, mlafi wangu."

Wanawake wa kanisani kwao wana desturi moja. Mtu akikuomba siri ya pishi lako, unamtajia kila kitu isipokuwa kimoja, kisha unatabasamu. Hicho kimoja kinabaki nyumbani, hapewi mtu wa nje. Siku Cordell alipomwambia kwamba anataka kumwoa, Renita alimshika mkono, akamsogeza karibu na sufuria.

"Sukuma, shingo ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, kitunguu, pilipili. Hayo kila mtu anayajua," alinong'ona. "Ukiepua, mimina kijiko kimoja cha siki iliyolowekewa matunda ya pichi. Hiki hatujampa mtu."

"Mimi si mtu?"

"Wewe ni wa kwetu sasa."

Bibi alipotimiza miaka themanini na minne, Renita alimpeleka kwenye mgahawa wa Thornby kwa chakula cha mchana. Hakumwambia Cordell, alitaka kumfurahisha. Bibi alivaa suti ya zambarau na kofia yenye unyoya, akapita mlango wa mbele kwa mara ya kwanza maishani mwake, taratibu, kila hatua akiionja.

Kwenye orodha ya vyakula, juu kabisa, kulikuwa kumeandikwa: Sukuma ya Mama Thornby, siri ya familia tangu 1911.

Bibi alionja. Uma ukabaki hewani.

"Reni. Nani amewaambia habari za pichi?"

Renita aliinua mkono. Akamwita mhudumu: "Niitie aliyepika."

Cordell alitoka jikoni na kofia mpya ya mpishi mkuu, bosi wake akiwa nyuma yake. Alipowaona, uso ulimshuka.

"Sukuma hii ni ya nani?" Renita aliuliza, kwa sauti iliyofika meza zote.

Bosi akatabasamu. Cordell akamtazama bosi, kisha akamgeukia kikongwe aliyemlisha miezi minane.

"Ni mapishi ya nyumba hii, madam," alisema. "Karibuni sana."

Madam! Kama vile hakuwahi kumwona.

Renita alisimama. "Ni ya Ozella Gaddis! Alipikia nyumba hii miaka thelathini na moja, na mmemwibia hata leo!" Watu wakainamia sahani zao. Akamshika bibi yake mkono, wakatoka.

Cordell aliwafuata mbio hadi walipoegesha gari, pete ikiwa kiganjani.

"Reni, mpenzi, nisikilize! Bila pishi lile wasingenifanya mpishi mkuu. Nilitaka tuanze maisha. Nikuoe nikiwa na kitu!"

"Nilikupa kitu."

"Nitarekebisha. Naapa."

"Lini?"

"Nitaongea na bosi, polepole..."

"Wageni bado wanakula. Rudi ndani, taja jina lake, kisha njoo na hiyo pete. Nakusubiri hadi Bibi afunge mkanda."

Ndani ya gari, Bibi Ozella aliuvuta mkanda kwa vidole vyake vya baridi yabisi. Ukaingia, ukalia ta! Akautazama. Akaufungua tena, akaanza upya, polepole kuliko mara ya kwanza.

Cordell aliutazama mlango wa mbele. Bosi alikuwa amesimama pale, mikono mifukoni. Cordell hakusogea.

Mkanda ukalia mara ya pili.

"Twende, mwanangu," Bibi alisema.

Renita akawasha gari.