Bwawa la Kitani

Siku ya nne baada ya kujifungua, Edah alichota maji ya kunywa mtungini, akayanusa, akayamwaga mlangoni. Yalinuka majani yaliyooza. Mumewe Jotham, fundi wa baiskeli pale soko la Bungoma, alichota mengine akanywa mpaka mwisho.

"Si ni maji tu," alisema.

"Hunusi?"

"Sinusi kitu."

Jioni ile mtoto alikataa titi. Hakuwa na homa wala hakulia. Aligeuza tu uso, akatazama kona ya nyumba iliyokuwa tupu.

Kesho yake, jua likiwa utosini na Jotham akiwa kazini, Edah alisikia kishindo nyuma ya ghala. Pu. Pu. Pu. Kama mtu anayepiga mganda wa majani kwa rungu. Alizunguka ghala. Hapakuwa na mtu. Ardhi ilikuwa kavu, lakini ukuta wa udongo ulikuwa umelowa maji kufikia kimo cha kifua.

Alirudi ndani mbio, na kishindo kikamfuata, kikapita kando ya ghala, kikafika mlangoni, kikanyamaza, halafu akaona blanketi alimolala mtoto likibonyea upande mmoja kana kwamba mtu mzima ameketi taratibu asimwamshe, na maji yakaanza kutiririka kwenye mkeka, na ile harufu ikajaa nyumba mpaka macho yakamwasha, na mtoto ambaye siku nzima hakutaka chochote akatabasamu, akafungua kinywa, akaanza kunyonya hewa.

Edah alimnyakua, akakimbia naye mpaka kwa mama yake.

Nanyama, mama yake, alimpokea mtoto. Alinusa nguo za mtoto, akaketi chini ghafla.

"Hiyo ni kitani," alinong'ona. "Ile majani wazungu walikuwa wanapanda Kitale zamani, wanatoa nyuzi. Nilikuwa na miaka minne. Mama alirudi kutoka huko mara moja tu, akanibeba, na nguo yake ilinuka hivi. Akaenda tena. Hakurudi."

"Alienda wapi?"

"Kuka alisema ametorokea Uganda na mwanamume, wakapitia mpaka wa Suam. Ati ni aibu. Akakataza jina lake. Katika ukoo huu hakuna mtoto aliyepewa."

Kuka, yaani babu, ndivyo wote walivyomwita Mzee Wepukhulu, kaka wa huyo mama aliyepotea. Ndiye aliyemlea Nanyama na kumwoza. Sasa alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa koti na fimbo.

"Jina lake nani, mama?"

Nanyama alitazama mlango kwanza. "Nekoye."

"Kama alitorokea Uganda," Edah alisema, "mbona ananuka maji ya Kitale?"

Walipanda lori la mahindi la Kitale asubuhi yake. Ilikuwa mwaka 1952, na kitani kilikuwa kimeachwa miaka thelathini. Kila waliyemuuliza mjini Kitale aliwacheka. Siku mbili waliuliza, huku wakimpa mtoto maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, tone kwa tone, naye akizidi kuwa mwepesi mikononi. Siku ya tatu, katika shamba moja la mzungu ng'ambo ya kijiji cha Kwanza, walielekezwa kwa Wahu, mwanamke mzee, skwota, yaani kibarua aliyeishi hapo shambani, aliyeletwa huko kutoka Kiambu akiwa msichana.

Wahu alikuwa anapukuchua mahindi. Alimtazama Edah, akaacha gunzi mkononi.

"Hiyo uso nimeona," alisema. "Wewe ni wa Nekoye."

Aliwapeleka mpaka kwenye bwawa lililojaa matete, akasimama mbali na maji.

"Kitani ilikuwa inalowekwa hapa ioze. Sisi wanawake ndio tulikuwa tunaingia, maji mpaka hapa." Aligusa kifua. "Miguu ikatoka ngozi. Siku moja Nekoye akatoka, akakaa chini. Akasema, 'Anayeitaka aingie mwenyewe.' Tukakaa wote. Wanawake thelathini. Mzungu akamwambia nyapara, huyo arudi ndani. Nyapara akamsukuma na mti. Akitokea, anamsukuma. Akitokea, anamsukuma. Mwisho hakutokea."

"Huyo nyapara alikuwa nani?" Nanyama aliuliza.

"Si kaka yake? Wepukhulu. Alimzika mwenyewe, hapo ukingoni."

Nanyama hakulia. Alifungua kilemba chake, akakifunga upya, akakikaza.

"Na nyinyi mlifanya nini?" Edah aliuliza.

"Tulikaa pale pale mpaka jua likaingia. Hakuna mtu aliingia maji tena siku hiyo. Walitupiga, tukakaa."

Waliporudi Bungoma, walikuta watu uani kwa Edah. Mzee Wepukhulu alikuwa amesikia habari za mtoto. Bila kanisa kujua, alikuwa ameleta mganga, Kipruto, kutoka Mlima Elgon. Moto ulikuwa umewashwa, na chungu chenye kifuniko kilikuwa tayari kumfungia jini akatupwe Mto Nzoia.

"Ni jini la Uganda hilo," Wepukhulu alisema kwa upole. "Nipe mtoto, mjukuu wangu."

Edah alisimama mlangoni, akaziba njia.

"Leo hafukuzwi mtu hapa, Kuka."

"Usicheze na vitu hujui."

"Najua. Mtoto huyu anaitwa Nekoye." Akarudia kwa sauti iliyofika kwa majirani. "Nekoye! Mjukuu wa Nanyama. Jina la mwanamke uliyemzamisha Kitale!"

Mtoto aligeuza uso, akalitafuta titi, akalishika, na wote uani walisikia anavyomeza. Ndipo maji yakaanza kudondoka kutoka mikono ya koti la Wepukhulu, tone, halafu mchirizi, meusi, yenye harufu ile, yakamwagika viatuni na kusambaa uani, naye akawa anakung'uta koti, anarudi nyuma, anakohoa kama mtu aliyetolewa mtoni, wala hapakuwa na mahali pa kurudi kwa sababu kila alipokanyaga palikuwa pamelowa.

Kipruto alikusanya vitu vyake.

"Mimi nafukuza wageni," alisema. "Huyu si mgeni. Mwenye nyumba simfukuzi."

Wepukhulu alipiga magoti.

"Nilitaka aombe msamaha tu," alisema. "Kila akitoa kichwa, nilingoja aombe. Hakuomba."

Nanyama alimtazama mtu aliyemlea. "Chukua jembe," alisema. "Utatuonyesha."

Siku ya tatu, mchana kweupe, Wepukhulu alichimba ukingo wa bwawa, na Edah, Nanyama na Wahu wakamsimamia. Msimamizi wa shamba, mzungu mgeni, alifika juu ya farasi na bunduki begani.

"Nani amewapa ruhusa?"

"Tumekuja kumchukua mama yetu," Edah alisema, mtoto mgongoni. "Ukitaka kupiga, piga. Hatuondoki."

Farasi alikataa kusogea. Mzungu alivuta hatamu. Hakuwa anamtazama Edah. Alitazama kando yake, kwa muda mrefu, na mkono ukateremka kutoka kwenye bunduki. Kisha akageuza farasi.

Alasiri mifupa ilikuwa imefungwa vizuri katika kitambaa kipya cha marekani. Nyapara wa sasa wa shamba alikuja anatembea polepole, akasimama mbali.

"Bwana anasema nyinyi wanawake wanne mkimaliza mtoke kwa geti ya chini," alisema. "Na ati huyo mrefu aache kumtazama."

Nanyama alimtazama Wahu. Wahu alimtazama Edah. Walikuwa watatu.

Edah aliubeba mzigo wa marekani kifuani.

"Mwambie," alijibu, "atamtazama mpaka atosheke."