Maranda ya Mkulo

Mashahidi wote wa mkasa huu wanakubaliana juu ya mambo haya: kwamba katika masika ya mwaka 1951, Darweshi, seremala wa Magamba, juu ya Lushoto, alimzika binti yake wa pekee, Mosi; kwamba mbao za kufunikia mwanandani wa kaburi alizipasua mwenyewe kutoka gogo la mti wa mkulo, akazipiga randa mpaka zikateleza kama meza ya Mzungu; na kwamba maranda yaliyobaki hakuyachoma, bali aliyatumia baadaye kutengenezea kadi za kutafutia kazi. Kuhusu yaliyofuata, kila mmoja ana lake.

Kadi zenyewe zilikuwa nzuri. Hilo nalo halina ubishi. Alikata vipande vya boksi la chai, akabandika juu ya kila kimoja kipande kipana cha maranda, chembamba kama ganda la kitunguu, kisha akachoma maneno kwa msumari wa moto: DARWESHI SEREMALA MAGAMBA. Alitaka mpokeaji aione kazi, aiguse, ainuse. Mkulo una harufu kali, inayokaribiana na karafuu maiti.

Kiwanda cha mbao kilikuwa kimemwachisha kazi. Nyumbani, mkewe Zainabu alikuwa akichemsha majani ya maboga bila chumvi. Kadi ndizo zilizokuwa tumaini lao.

Jioni moja alishuka mjini kwa Abrahamu, msimamizi wa ujenzi wa nyumba mpya.

"Shikamoo, fundi mkuu."

"Marahaba." Abrahamu aliipokea kadi kwa vidole vyenye chokaa, akainusa, akacheka. "Ebo! Wewe watafuta kazi kwangu, au wanitafutia sanda?"

Waashi wakaangua kicheko. Abrahamu akaipapasa tena kadi ile, na alama ya gumba lake ikabaki juu yake, nyeupe.

"Lakini mkono unao, bwana. Njoo kesho alfajiri na vyombo vyako. Ukichelewa, yupo mwingine anayengoja."

Akaitia mfukoni mwa koti.

Darweshi alirudi kwa njia ya msituni. Ukungu ulikuwa umeshuka, na manyunyu yalikuwa yakianguka. Alipokaribia makaburi alisikia nyayo nyuma yake.

Nyepesi... za miguu mitupu.

Akasimama.

Zikasimama.

Kisha ikaja harufu ya mkulo.

"Fundi."

Mtoto alikuwa kando ya njia, kajitanda shuka nyeupe iliyolowa, uso hauonekani. Mkononi alishika kadi.

"Mtoto wa nani wewe, giza hili?"

"Mvua inaingia, fundi."

"Inaingia wapi?"

"Kwetu... mbao nyembamba."

Darweshi alitaka kumshika mkono. Mkono wake haukuinuka.

"Nirudishie," mtoto alinong'ona. Ukungu ukapita kati yao, na njia ikawa tupu.

Mosi, tangu alipoanza kusema, alimwita baba yake kwa Kishambaa: tate. Huyu alimwita fundi. Darweshi alilishikilia jambo hilo njia nzima, kama ushahidi kwamba hakuwa yeye.

Zainabu alimsikiliza mpaka mwisho, akichochea moto. Hakupiga kelele.

"Baba Mosi, mbao za kaburi, nani huzipiga randa?"

Zainabu akasukuma kuni ndani.

"Hakuna. Huwekwa hivyohivyo, na gome lake. Watu walisema, tazameni alivyompenda mwanawe. Nami nikasema hivyo." Sauti yake ikashuka. "Lakini kabla mtoto hajaugua uliniambia utatengeneza kadi za maranda ya mkulo. Siku ile ulikuwa unamrandia Mosi... au ulikuwa unarandia kadi?"

"Sijui, mama Mosi. Wallahi, sijui."

Alfajiri hakwenda mjini. Alibeba mbao nene, zenye gome, mpaka makaburini, pamoja na mwalimu wa msikiti na majirani. Kaburi la Mosi lilikuwa limebonyea katikati. Walipofukua walikuta ubao mmoja umepasuka, na maji yalikuwa yameingia.

Juu ya tope palikuwa na kadi.

Ilikuwa na alama ya gumba, nyeupe.

Ubao uliorandwa mno hupungua nguvu, na masika yale yalikuwa mazito. Hapo hapahitajiki mzimu. Mtoto wa njiani angeweza kuwa wa jirani yeyote, ingawa hakuna jirani aliyekiri kumtuma. Kadi ingeweza kuibwa, ingawa Abrahamu anaapa kwamba alilala na koti lake mwilini. Shahidi anayeapa anaweza kukosea.

Walibadilisha mbao. Zainabu akazika kadi zote zilizobaki pamoja na ule ubao uliopasuka. Kazi alipewa yule mwingine. Kabla masika hayajaisha, Zainabu alirudi kwao Mlalo, bila ugomvi, bila neno la lawama. Darweshi alimsindikiza mpaka njia panda, amembebea mzigo.

Suala la mtoto wa ukunguni na liachwe, maana ushahidi wake hautoshi. Limebaki swali lile la Zainabu, na mtu pekee aliyekuwapo karakanani siku ile hakuweza kulijibu. Basi wewe uliyesikia, amua: mikono ile, ilipokuwa ikisukuma randa huku mwenyewe akilia, ilikuwa ya tate, au ya fundi?