Laini Isiyo na Waya

Taa iliwaka kabla ya waya kufungwa. Ndivyo balaa lilivyoanza, na kwa mtu asiyeijua kazi ile lisingekuwa jambo la kutazamwa mara mbili.

Fundi alikuwa amevaa mkanda wake wa mkononi, ule unaozuia umeme wa mwilini usiunguze vifaa. Mbele yake kulikuwa na kabati la mitambo ya simu, na katikati ya kabati tundu moja lililokuwa tupu tangu alipoajiriwa. Aliishika kadi mpya ya laini kwa kingo zake. Ilikuwa kadi kubwa, ya kubeba simu za mtaa mzima peke yake. Akaisukuma taratibu kwenye reli mpaka ikakaa, akabana komeo la juu na la chini, akasubiri. Taa ya kadi ikawaka kijani, kama inavyotakiwa. Kisha ikawaka na taa ya laini moja, ile ya chini kabisa.

Laini ile haikuwa na waya. Nyaya zote zilikuwa bado zinaning'inia nyuma ya kabati.

Alikwenda kwenye kompyuta, akautambulisha mtambo aina ya kadi na tundu ilipokaa, akaamuru laini ile izimwe. Kompyuta ikajibu kwamba imezimwa. Alipogeuka, taa ilikuwa inawaka vilevile.

Akachukua simu ya majaribio, yenye vibanio viwili vya kushika laini, akaibana pale. Alitaka kusikia ukimya tu, roho yake itulie. Badala yake alisikia mtu anavuta pumzi. Akafungua mdomo aseme haloo, na kabla hajasema, akasikia:

"Haloo?"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, pamoja na mafua aliyoamka nayo siku ile.

Chumba cha mitambo hakikuwa na dirisha. Siku zote kilinuka plastiki na vumbi na baridi ya kiyoyozi. Sasa kilinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa muda si mrefu.

Msimamizi wake alikuwa mtu wa utani, tumbo mbele, kicheko nyuma. Alipoelezwa, alicheka mpaka akashika kabati.

"Umesikia mwangwi wako, fundi. Kama una wasiwasi, mwite shangazi yako aje aifukize kadi."

Shangazi huyo, dada wa marehemu baba yake fundi, alikuwa akitibu watu waliopandwa na majini, na kazini walishamtania sana juu yake. Ule haukuwa mwangwi, maana mwangwi haumtangulii mtu. Lakini wateja walikuwa wamesubiri vya kutosha, na kazi ni kazi. Akaanza kuhamisha nyaya, moja baada ya nyingine, na kila laini aliyoifunga aliipa namba yake kwenye kompyuta. Mtaa uliohamishwa ulikuwa mtaa wa mama yake. Waya wa mama yake aliufunga kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya chakula cha mchana malalamiko yakaanza. Mwanamume mmoja alisema mkewe amempigia simu akimwambia atoke nje, anamsubiri, na huku mkewe huyo huyo amekaa mbele yake anamenya viazi. Mshonaji mmoja alisema ameitwa na mwanawe. Alipoulizwa ubaya uko wapi, alisema kwa sauti ya chini, "Mwanangu hajaanza kuzungumza."

Msimamizi alipokea simu ile akiwa bado ana tabasamu. Alipoiweka chini tabasamu halikuwepo.

"Wanaitwa nje, wote," alinong'ona. "Kwa nini wanaitwa nje?"

Wakaenda kuitazama kadi. Taa ya chini ilikuwa inapepesa, inapepesa, kama jicho lenye mchanga. Halafu ikazima. Harufu ya udongo nayo ikaondoka, mara moja, kama mlango umefungwa.

"Imekwisha," alisema msimamizi, akafuta jasho katika baridi ile.

Simu ya mkononi ya fundi ikalia. Alikuwa mama yake, anapiga kwa simu ya mezani ya nyumbani.

"Mwanangu, uliponipigia umesema nifungue mlango. Nimefungua, umeingia, umekaa. Mbona tangu uingie husemi kitu?"

"Mama, mimi niko kazini."

Akasikia saa ya ukutani ya kwao. Kisha mama yake akasema, taratibu sana, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala:

"Basi huyu aliyekaa kwenye kochi ni nani?"

"Mama, usimtazame. Usikate simu."

Msimamizi alikuwa amesikia. Bila kuambiwa, bila utani wowote, akachukua simu yake akampigia shangazi, akaiweka kwenye kipaza sauti.

"Tuivute ile kadi sasa hivi, au sio?" aliuliza.

"Msithubutu," shangazi alisema. "Mkiivuta sasa mtamfungia kule kule kwa wifi yangu. Alitoka kwa laini, arudi kwa laini. Wifi amwite kwenye simu kama anavyomwita mtoto wake, ampe mkonga wa simu, kisha atoke nje kwa mlango wa nyuma. Na wewe mwanangu, akishika simu, mwite kwa upole. Usimtukane. Usimtajie jina la Mungu mpaka awe ameshaingia kwenye laini, maana atashtuka. Akishaingia, ndipo mvute kadi."

Fundi aliyarudia maneno yale kwa mama yake, sentensi baada ya sentensi. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya komeo la kadi. Alimsikia mama akimeza mate, mama huyu ambaye anaogopa hata mende, kisha akamsikia anasema, kwa sauti ile ile ya kumwamsha mtoto aende shule:

"Mwanangu, simu yako."

Kochi likalia. Hatua zikaja, nzito, zenye maji. Mkonga ukabadilishwa mikono.

"Haloo," ilisema sauti ya fundi kutoka upande wa pili.

"Haloo," alijibu fundi.

"Nani anaongea?"

"Ni mimi."

"Hapana. Mimi ni mimi."

"Basi njoo tuonane," alisema fundi, na machozi yalikuwa yanamdondoka bila yeye kujua.

Taa ya chini ikawaka. Harufu ya udongo ikajaa chumba mpaka ikawa kama wanaula, na shangazi akapaza sauti akianza kusoma dua, na fundi akavuta makomeo kwa nguvu zake zote lakini kadi ikagoma, ikawa ya moto kama sufuria, na kutoka kwenye simu ya majaribio iliyolala juu ya meza, ambayo haikubanwa popote, ikatoka sauti ya mama yake ikilia, mwanangu unaniua, mwanangu mimi ni mama yako, acha unaniua, na mikono yake ikalegea, ikalegea kabisa, mpaka mikono minene ya msimamizi ikaja juu ya yake na wote wawili wakavuta kwa pamoja.

Kadi ikatoka. Sauti ikakatika katikati ya neno.

Shangazi alifika akihema, akaifunga kadi kwa shuka jeupe huku akisoma, akaondoka nayo bila kusema anaipeleka wapi. "Wakubwa wakiniuliza nitasema imeungua," alisema msimamizi, akakaa sakafuni. Mtaa mzima ulikosa simu, na hakuna mteja aliyekuja kulalamika.

Jua lilikuwa linatua fundi alipofika kwa mama yake. Majirani walimwambia mama alitoka mbio kwa mlango wa nyuma, akakaa kwao, kisha akarudi ndani alipoona nyumba haina mtu. Kwenye kochi, walisema, kumebaki alama ya maji.

Akabisha hodi.

"Nani?" Sauti ya mama ilikuwa karibu sana, nyuma tu ya mbao.

"Ni mimi, mama."

"Ulipokuwa unanyonya nilikuwa nakuita nani?"

Ni wao wawili tu duniani waliolijua jina lile. "Kidagaa, mama. Ulikuwa unaniita Kidagaa."

Alisubiri kusikia kitasa. Alisikia mama yake akikaa chini polepole, mgongo wake ukiuegemea mlango kutoka ndani.

"Naye nilimuuliza hapa hapa mlangoni, kabla sijamfungulia," alisema mama. "Alijibu hivyo hivyo."