Mafuta ya Bibi Icilda

Siku hizi Jumamosi nyumbani kwetu huanza na supu ya boga. Enzi za Bibi Icilda, mama yake Baba, ilianza na nazi. Bibi alizikuna mwenyewe, akakamua tui, akalichemsha mpaka mafuta yakaelea. Kisha alitia majani makavu ya bangi, akayaacha kwenye moto mdogo. Nyumba nzima ilinukia.

Mafuta yale yalikuwa ya kuchua. Huku Westmoreland, Jamaika, kila mkata miwa mwenye maumivu ya mgongo au magoti alimjua Bibi. Kwenye rafu Bibi alikuwa pia na chupa ya ramu nyeupe, pombe kali ya miwa, iliyolowekwa majani hayo hayo, ya kupaka kifuani wakati wa mafua.

Bibi alipofariki, aliacha chupa moja ya mafuta. Hakuna aliyeigusa.

Baba yangu, Vernal, naye alikata miwa maisha yake yote. Mgongo ulimuuma hata akiwa amelala. Daktari alimpa kibali cha kutumia bangi kama dawa. Lakini moshi ulimkohoza, basi binamu yake akamletea kalamu ya mvuke kutoka Kingston. Ni kifaa chembamba chenye betri na kichupa cha dawa. Dawa hupashwa moto bila kuungua, na mtu huvuta mvuke wake.

Siku moja kichupa kilikwisha. Mama alimkuta Baba mezani, chupa ya Bibi mkononi.

"Vernal! Unafanya nini na chupa ya Mama?"

"Naijaza kalamu."

"Hayo si ni ya magoti?"

"Bangi ni bangi, Pansy. Yametuliza magoti ya kijiji kizima, yatashindwa na kifua changu?"

"Kwani kifua chako kina magoti?"

Baba alicheka, akavuta. Kisha akafumba macho.

"Nasikia harufu ya Mama," alisema polepole.

Mama hakumgombeza tena. Aliendelea kukata boga.

Baba akawa anavuta kila siku. Kikohozi kikaanza. Kwanza kilikuwa kidogo, kisha kikamkaba. Akaacha kupanda mlimani kwenye shamba lake la viazi vikuu, maana pumzi ilimwishia njiani.

Asubuhi moja jirani yetu Marva aliita kutoka upande wa pili wa ua. "Mzee Vernal! Unakohoa au unawasha trekta?"

"Trekta bovu, Dada Marva."

Marva hufanya kazi mjini Savanna-la-Mar, kwenye kiwanda chenye leseni kinachotoa dawa kwenye bangi. Aliingia, akaichukua kalamu, akainusa. Kicheko kikatoweka usoni mwake.

"Hii inanukia nazi. Nani aliijaza?"

"Ni mafuta ya mama yangu," Baba alisema.

"Mzee, mafuta ya nazi tumbo huyasaga na ngozi huyapokea. Mapafu hayayawezi. Yakiingia humo hukaa, na mapafu huvimba. Vaa viatu twende hospitali. Na hii kalamu tunaibeba, daktari aione."

Picha ya kifua ilionyesha alichosema Marva. Baba alilazwa. Daktari alituambia kwamba angechelewa zaidi, huenda tungempoteza. Nilishika mkono wake, ule wenye makovu ya miwa.

Aliporudi nyumbani, bado alikuwa mbishi.

"Nimeelewa, nazi basi. Nitaichemsha ile ramu ya Mama. Ramu ikauke, ibaki dawa tupu."

"Uichemshe wapi?" Marva aliuliza.

"Hapo jikoni."

"Juu ya jiko la gesi? Unataka kumfuata mama yako na paa la nyumba? Mvuke wa ramu hushika moto kama petroli!"

"Kwani kiwandani mnafanyaje?" niliuliza kwa sauti ndogo.

Marva alichukua ganda la chungwa, akalibana. Mafuta yakaruka hewani, yakanukia.

"Kazi yetu ni hii, kutoa mafuta yaliyomo kwenye mmea. Njia ni nyingi. Spiriti, yaani pombe kali kama ile ramu, hutoa mengi kwa haraka, lakini huchukua na uchungu wa majani, kisha lazima iondolewe yote. Gesi kama ile ya viberiti vya gesi huhifadhi harufu vizuri, ila cheche moja tu hulipua nyumba. Hiyo haifanywi nyumbani hata kidogo. Hewa ya kaboni iliyoshindiliwa haishiki moto, lakini mashine yake ni ghali na harufu nyingine hupotea. Na kuna kukamua kwa joto, kama nilivyobana ganda hili. Hakiongezwi kitu. Hutoka kidogo, lakini huwa na harufu ya mmea wenyewe. Njia yoyote ile, dawa hupimwa maabara kabla ya kuuzwa."

"Basi nipe hiyo ya kukamua," Baba alisema.

"Mapafu yako yameugua, Mzee. Mvuke safi nao si hewa. Daktari alisemaje?"

"Matone ya dawa chini ya ulimi."

"Basi ni matone."

Baba aliitazama chupa ya Bibi. Ilibaki robo.

"Na Mama je?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Bibi aliyatengeneza mafuta haya ya nini?" Marva aliuliza.

"Ya mgongo."

"Basi geuka," Mama alisema, akakunja mikono ya gauni.

Alimchua taratibu. Harufu ya nazi ikajaa nyumba, kana kwamba Bibi ameingia na nazi zake.

Sasa Baba anapanda tena mlimani bila kusimama. Chupa ilipokwisha, alileta nazi, akaketi kuzikuna.

"Unakuna vibaya," Mama alimwambia. "Mama angekucheka."

"Acha acheke," Baba alisema.

Mafuta yalipopoa, alinipa chupa niiandike. Niliandika kwa herufi kubwa: YA KUCHUA. SI YA KUVUTA.